Bihogo, Duyi ya Kumi na Saba

Neema alilitua sanduku la baba yake juu ya meza yangu ya chakula, kati ya sahani ya sombe na bakuli la ndagala wa ziwani, kisha akaomba radhi kwa sababu lilikuwa linatoa mafuta. Nikamwambia meza ile imeona makubwa zaidi, anawe mikono, aketi, ale. Hakuketi. Alisimama pale na mfuko wake wa safari begani, msichana mrefu wa miaka ishirini na kitu, paji la uso ni la marehemu baba yake kabisa, akasema maneno aliyoyabeba tangu Rurambo: "Mama Mapendo, baba alisema hii sanduku nikuletee weye. Alisema usiifungue mu haraka." Habari ya kifo cha Muhoza, baba yake, ilinifikia kwa simu wiki tatu kabla. Mvua ilikuwa imekata njia ya kupanda milimani, kwa hiyo sikumzika, na mtu usiyemzika hubaki anazunguka-zunguka nyumbani kwako bila mahali pa kukaa. Nililitambua sanduku kabla hata ya kuligusa. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka karibu yote, na ile bawaba ya kushoto, niliyoitengeneza mwenyewe kwa msumari uliopindwa, bado ilikuwa ya msumari. Nikaweka mkono juu ya kifuniko nikalia hapo hapo, mbele ya mtoto wa watu na chakula kikipoa.

Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu. Leo nina garaji yangu hapa Mulongwe, na watu wakiniuliza nani alinifundisha ufundi nawatajia shule, maana jibu hilo ni fupi na linawaridhisha. Shule ilinifundisha majina ya vyombo na namna ya kuchora injini kwa kalamu ya risasi, na ninaishukuru. Lakini ile tabia ninayosifiwa, kwamba gari haliondoki kwangu na kasoro iliyosahauliwa ndani yake, sikuipata darasani. Niliipata kutoka kwa Muhoza, baada ya ubishi wa miezi mingi juu ya jambo ambalo mtu wa nje angeliona la kitoto: tupange namna gani duyi ndani ya sanduku. Duyi ni vile vikombe vya chuma vinavyovalishwa kichwa cha bolti, au bulo kwa lugha yetu ya garaji, ili kuifungua au kuikaza. Kila kimoja kina kipimo chake, na kila fundi ana wazimu wake wa kuvipanga.

Garaji ya Muzee Kiza ilikuwa Kavimvira, hatua chache kutoka barabara ya mpaka, nyuma ya safu ya wabadilishaji wa fedha na meza zao ndogo. Ilikuwa na ua wa mchanga uliokuwa mweusi kwa mafuta, shimo moja la kuingia chini ya magari, na chumba cha mabati tulichokiita depo. Kile chumba nikifumba macho nakiona chote. Kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, benchi la mbao lililokatika mguu mmoja likasimamishwa juu ya rimu ya gurudumu, kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, na harufu ya grisi iliyochanganyika na harufu ya ndagala walioanikwa ua wa pili. Ilipofika saa nane mchana mabati yalianza kulia kwa joto, na sisi tukahamia nje. Mimi nilifika pale na diploma yangu ya Serikali ndani ya bahasha, nikiwa na miaka ishirini na mmoja na ovaroli niliyoishona mwenyewe. Muzee Kiza alisoma diploma mbele na nyuma, akairudisha ndani ya bahasha, akasema, "Mwaka moja. Mwaka ikiisha nitakuambia kama utabakia ao utaenda." Hakukuwa na garaji nyingine mjini iliyokubali hata kusoma ile karatasi. Kwa hiyo mwaka ule ulikuwa wangu wote, na kila siku niliamka nikijua kwamba napimwa.

Wiki ya tatu nilisikia hukumu yangu ikijadiliwa. Nilikuwa nje ya depo nikiosha filta kwa petroli, na mabati hayazuii sauti. Muzee Kiza alisema, "Muhoza, huyu mutoto mwanamuke ataniletea maneno. Bateja banacheka. Jana moja aliniuliza kama siku hizi tunapikaka pia." Muhoza hakuwa mtu wa haraka. Nikasikia anaweka kitu chini, kisha: "Bacheke. Anakazaka bulo kuliko minye mwenyewe. Iko tu na shida ya macho." "Ni kipofu?" Muzee akauliza. "Hapana. Anasomaka. Bado hajaanza kuangalia." Nilikaribia kumwaga petroli yote kwa hasira. Macho yangu yalikuwa mazima, darasani niliketi nyuma kabisa na nilisoma ubao bila shida! Siku nzima sikumsemesha, na yeye, ambaye hakujua kwamba nimesikia, aliniletea viazi vya kuchemsha kama kawaida.

Viazi vilikuwa chakula chake. Muhoza alizaliwa Rurambo, juu kule wanakofuga ng'ombe, na samaki hakumla kabisa, wala hakutaka kukaa upande ambako upepo ulileta harufu yake. Hebu fikiria mtu wa namna hiyo kufanya kazi hatua chache kutoka ziwani. Mchana mimi na Muzee Kiza tulikula bugali kwa ndagala, na Muhoza alikula viazi na maharage, akinywa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichoshuka milimani kila Ijumaa. Tulimtania mno. Muzee Kiza alimwambia siku moja tutamfukia ndagala mmoja ndani ya kiazi, na yeye akajibu kwa upole wote kwamba siku hiyo atarudi kwao kwa miguu. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, na aliponiita alisema "Mapendo" kana kwamba ana habari njema ya kunipa, hata kama ni tairi tu la kubeba.

Sanduku lilikuwa mali yake. Ilikuwa seti pekee iliyokamilika pale garajini, na ndiyo maana sote tuliitegemea. Aliipata kwa kuuza ng'ombe wake, dume la hudhurungi nyekundu lililoitwa Bihogo, na alipoyasimulia hayo hakutaja bei hata siku moja. Alitaja namna Bihogo alivyogeuka kumtazama alipokuwa anaondolewa sokoni. Seti ilipofika mkononi mwake, kila duyi aliipa jina. Ile yenye mdomo uliomeguka iliitwa Kapengo. Mbili zilizofanana alama za mikwaruzo ziliitwa Mapacha. Na ile ya kipimo cha kumi na saba, iliyokuwa imeshika kutu nyekundu ambayo hakuna mafuta yaliyoweza kuiondoa, aliiita Bihogo. Alizilaza zote juu ya kipande cha turubai, zilizozoea kufanya kazi pamoja akazilaza pamoja: jamaa ya magurudumu huku, jamaa ya breki kule, jamaa ya injini katikati. Mtu akiingia mgeni, hakuweza kupata kitu. Kipimo cha kumi kilikuwa kinalala karibu na cha ishirini na mbili, na ukimwuliza kwa nini, alisema, "Banatembeaka pamoja."

Hilo mimi nilishindwa kulivumilia. Nilichukua ubao wa mti mgumu, nikautoboa matundu kutoka dogo hadi kubwa, na mbele ya kila tundu nikachoma namba kwa msumari wa moto. Ilinichukua Jumapili mbili. Nilipoumaliza nilijiona mhandisi. Ukikosa duyi moja, tundu lake linabaki wazi, hata mtoto anaona. Na jioni, kabla ya kufunga, nilizihesabu kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka namba ifike. Leo idadi yenyewe imenitoka, ingawa niliitamka kila jioni. Muhoza aliutazama ubao, akausifu, akakubali duyi zilale humo, maana hakuwa mtu wa kukataa kazi ya mikono ya mwenzake. Alichokataa ni kuhesabu. Nilipoanza moja, mbili, tatu, alitoka nje. Nikamwuliza sababu. "Kwetu ngombe hatuhesabake," alisema. "Ukihesabu unaiita hasara. Jioni zinaingia mu zizi, muntu anasimama ku mulango, anaangalia. Mwenye hayuko, unamuona." Nikamwambia hizi si ng'ombe, ni chuma. "Ilikuwaka ngombe," akajibu. Basi tukagawana: jioni zilikuwa zangu, nahesabu, asubuhi zilikuwa zake, anafungua kifuniko, anasimama kidogo, anaangalia. Muzee Kiza alisema tumekuwa kanisa lenye ibada mbili.

Kiangazi cha mwaka ule lilikuja lori la Shofa Saidi, dereva mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka mpakani. Lori lake lilibeba mihogo na akina mama wa soko kutoka bonde la Ruzizi kwenda Bukavu, na kupanda kwenda Bukavu ni ule mlima wa baada ya Kamanyola, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hewa. Breki zake, sisi tunaziita fre, zilikuwa zimelegea. Muhoza alishughulika na magurudumu, na mimi nikapewa kazi ya chini ya kebini ya dereva, kufungua na kukaza bolti za pale ambapo mkono wa pedali ya breki unasukuma. Nilitumia ile ya kumi na saba. Tulifanya kazi hadi karibu saa kumi na moja jioni, Saidi akajaribu breki uani mara tatu, zikashika, akatuita wanangu wote wawili, akaondoka kwenda kulaza lori nyumbani kwake ili asubuhi aende kupakia Lubarika. Nikaingia depo kuhesabu. Tundu la kumi na saba lilikuwa wazi. Nikatoka, nikatafuta, nikaiona chini kando ya pipa la mafuta. Nikaiokota, nikaipangusa kwa kitambaa, nikasoma namba, kumi na saba, nikaitia tunduni. Nikahesabu. Namba ikafika. Nikafunga sanduku nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza siku vizuri.

Asubuhi Muhoza alifungua kifuniko akasimama. Alisimama kuliko desturi. Mimi nilikuwa nafagia. "Mapendo," akasema, "huku kuko mugeni." Nikadhani kuna mteja mlangoni. "Wapi?" "Mu mbao. Huyu haiko wetu." Akaitoa ile ya kumi na saba akaiweka kiganjani. Nikamwambia asinichoshe asubuhi asubuhi, namba ni kumi na saba, tundu ni la kumi na saba, na nimezihesabu mwenyewe. "Namba iko sawa," alisema. "Lakini Bihogo haina huu mukufu." Akanionyesha mfuo mwembamba uliozunguka kiuno cha duyi ile, na chini ya mafuta hakukuwa na kutu nyekundu hata chembe. Nilikuwa nimeishika jana kwa mkono wangu, nimeipangusa, nimeisoma, na sikuiona. Nikakumbuka pia mtu mmoja wa teksi aliyekuja jana mchana kufunga gurudumu lake uani kwetu kwa vyombo vyake mwenyewe, pale pale kando ya pipa. Muhoza hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu, polepole: "Bihogo, mara ya mwisho ulimuona wapi?" Nikafumba macho, nikajiona nimelala chini ya lori, mkono mmoja ukitafuta kitambaa, mwingine ukiiweka duyi juu ya chuma cha shasi, chini kidogo ya mkono wa breki. Nikaiona pale. Sikujiona nikiitoa.

Muzee Kiza alikuwa ameshavuka mpaka kwenda kutafuta vipuri, na pikipiki yake, ambayo hakuruhusu hata kivuli cha mtu kiiguse, ilikuwa depo. Ufunguo ulikuwa kwa Muhoza. Aliutazama, nami nilijua anachokiwaza: kazi yake ya miaka yote iko pale mkononi mwake. "Panda," akasema. Tukaondoka. Mashamba ya miwa ya Kiliba yalipita na sikuona kitu, nilikuwa nasali kwa Kifuliiru, lugha ya kwetu, nikiahidi mambo ambayo mengine sijayatimiza mpaka leo. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alinipungia mkono mimi nipite, kisha akamwuliza Muhoza kadi yake ya utambulisho, na ya pili, na anatoka wapi, na ng'ombe wa kwao wako wapi kiangazi hiki. Muhoza alijibu kila swali kwa sauti ile ile. Kwenye kizuizi cha pili ikawa vile vile. Miezi yote ile nilikuwa nimekula naye meza moja, na sikuwa nimewahi kuona kwamba barabara yangu na yake si barabara moja.

Tulilikuta lori Lubarika, limeshapakiwa, magunia ya mihogo hadi juu na akina mama juu ya magunia, vitenge vimefungwa vichwani tayari kwa upepo. Lubarika ni kwetu. Wale akina mama waliniona nikitambaa, na tangu nipate kazi waliniita fundi wetu. Saidi alikuwa ameshawasha injini, na alipotuona alidhani tumekuja kuaga. "Bana bangu!" alipaza sauti dirishani. "Ile fre mulikaza muzuri sana! Tangu Sange pedali haishuke tena, iko ngumu sawa jiwe!" Pedali haishuki kwa sababu kuna kitu kimeizuia isishuke. Bondeni, mahali tambarare, anaigusa kidogo na lori linapunguza, naye anaona raha. Kule mlimani angeikanyaga kwa nguvu zote na ingesimama pale pale. Nikapiga kelele, "Mushuke! Wote mushuke!" Hakuna aliyeshuka. Waliokwisha kupata nafasi nzuri juu ya magunia hawaiachi kwa kelele ya msichana. Mmoja wao, jirani wa mashamba yetu, ambaye msimu ule ng'ombe walioshuka kutoka milimani walikuwa wameingia katika mihogo yake, alimwona Muhoza akazidi kukaza uso. "Mapendo, huyu wa ngombe unamuleta huku kufanya nini?"

Kulikuwa na njia moja tu ya kuwashusha, na ilikuwa inapita kwangu. Niliogopa. Nilijua neno likitoka Lubarika asubuhi, jioni liko Kavimvira, na mwaka wangu umekwisha kabla ya kwisha. "Huyu iko kaka yangu wa kazi," nikasema, "na amekuja kwa ajili yenu. Jana minye nilisahau chuma mu fre ya hii kamio. Minye. Mukipanda mulima nayo, mutakufa." Kisha wakaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, wakipeana watoto na vikapu. Muhoza alikuwa ameshalala chini ya lori. Nilisikia akigonga kwa nyundo, mara moja, mara mbili, halafu akatoka amejaa vumbi, na kiganjani mwake iko Bihogo, imebonyea begani. Ilikuwa imejikokota kwa mitikisiko ya njia mpaka ikakaa chini kabisa ya mkono wa breki. Saidi akakanyaga pedali. Ikashuka. Akaikanyaga tena, ikashuka, akaizima injini, akashuka, akaketi juu ya tairi la akiba bila kucheka. Yule jirani wa mashamba yetu ndiye aliyemsogelea Muhoza kwanza. Alifungua kikapu chake akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akampa, kisha akamwuliza kama anakunywa maji.

Muzee Kiza alitungoja mlangoni mwa garaji, mikono nyuma. Alizunguka pikipiki mara mbili akitafuta mkwaruzo, akasikiliza kisa chote, akauliza swali moja: "Nani alisahau?" Ujasiri wote nilikuwa nimeumalizia Lubarika. Muhoza akasema, "Tulisahau." "Nimeuliza nani." "Sisi," akasema Muhoza, akaenda kunawa. Sikulala vizuri, na asubuhi nilimfuata Muzee kabla hajavua koti, nikamwambia ni mimi, peke yangu, na duyi ya mtu wa teksi pia niliiweka mimi. "Nilijua," alisema. "Muhoza hawezi kusahau ngombe yake. Nilitaka kuona kama itakuchukua siku ngapi kusema." Kisha akaninyooshea ufagio. Niliufurahia ufagio ule kuliko diploma.

Nilitaka kuuchoma ule ubao. Muhoza akanizuia. Alisema ubao ni mzuri, unazilaza bila kugongana na unaonyesha nafasi iliyo wazi. Kosa ni kuuachia ubao kazi ya macho. Tukatengeneza wa pili, wote wawili, jioni tatu mfululizo uani. Matundu yangu, jamaa zake: magurudumu huku, breki kule, injini katikati, na hakuna namba hata moja iliyochomwa. Duyi ya mtu wa teksi tulimrudishia. Miezi ya kwanza nilipapasa kama mgonjwa, nikichelewesha kazi, nikilaani. Halafu asubuhi moja Muhoza alikuwa nje na mteja, nikafungua kifuniko mwenyewe, nikasimama, na nikajua kwamba mmoja wa Mapacha hayupo kabla sijajua nimejuaje. Alikuwa mfukoni mwa Muhoza. Mwenyewe alikuwa amemficha makusudi, na alicheka hadi akaketi.

Mwaka ulipokwisha, Muzee Kiza aliniambia nibaki, akasema hivyo kwa kunipa ufunguo wa depo, bila hotuba. Wiki ile ile Muhoza aliitwa nyumbani. Baba yake alikuwa hawezi tena kufuata ng'ombe, na yeye ndiye mkubwa. Alifunga sanduku lake kwa kamba, na kabla ya kulifunga alichukua Bihogo, ile iliyobonyea begani, akaniwekea mkononi na kuifunga mikono yangu kwa mikono yake. Nilijua maana yake, maana miezi mingi nilikuwa nimemsikiliza. Kwao mtu akikupa ng'ombe hakupi kitu, anakufanya ndugu. Nikamwuliza atafanya kazi namna gani bila ya kumi na saba. "Nitatafuta ingine," alisema. "Hii imekujua."

Tulionana mara chache baada ya hapo, miaka mingine njia haikupitika, na miaka mingine haikuwa salama kwake kushuka wala kwangu kupanda. Tulipigiana simu. Sikuwahi kumwambia ahsante kwa lile neno lake, "Tulisahau." Kila mara nilidhani iko siku.

Nilipofuta machozi, nilimwambia Neema tufungue. Ubao wetu wa pili ulikuwa ndani, umekuwa mweusi, unang'aa kwa miaka ya mafuta na vidole. Zote zilikuwa zimelala na jamaa zao. Katika jamaa ya breki tundu moja lilikuwa wazi. Pembeni, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, kulikuwa na duyi ya kumi na saba, imechakaa kwa kazi. "Ile ya kutumikia inalalaka mu kitambaa," Neema alieleza. "Mu hii tundu baba hakubalie muntu aweke kitu. Kaka yangu aliwekaka siku moja, baba akaitoa. Alisemaka nafasi iko na mwenyewe."

Funguo za garaji yangu nazibeba kwenye kamba shingoni, na Bihogo iko kwenye kamba hiyo tangu siku niliyopewa, kamba inapita katika tundu lake la mraba. Fundo la kamba lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Nikaiweka mahali pake. Iliingia bila kusukumwa. Neema aliinama juu ya sanduku akaanza kupitisha kidole, moja, mbili, tatu, na mimi nikaushika mkono wake taratibu nikaushusha. Nikasimama kidogo, nikaangalia. Kapengo. Mapacha, wote wawili. Bihogo.

"Mama Mapendo," Neema akauliza, "zinapaswa kuwa ngapi?"

"Sijue, mwanangu," nikamwambia. "Lakini ziko zote."